Kete Isiyorudi Kofiani

Mume wetu ana kofia mbili: moja ya kuvaa na moja ya kutupigia kura. Ya kura imechakaa, darizi zake zimelegea, imefuliwa mpaka imegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Huitundika kwenye msumari ndani ya chumba cha nta, na hakuna mwanamke wa nyumba ile anayeruhusiwa kuigusa, hata kwa kuondoa utando wa buibui.

Nieleze mapema watu wasije wakanichanganya. Sisi ni wake watatu, na wa tatu ni mimi. Mwanamume mwenye wake wengi akisafiri, dini haimruhusu kumteua kwa macho yake wa kufuatana naye. Anapiga kura. Atakayetoka ndiye wa kwenda, wengine wanyamaze. Kwa hilo simlaumu mume wetu. Kariakoo nzima wanaume wanasafiri na wamtakaye kisha wanarudi na uongo mfukoni. Wetu anarudi na kofia. Anasafiri mara tatu kwa mwaka, na mpangilio haubadiliki: kwanza Lindi kununua ufuta, kisha Tabora kununua asali na nta, mwisho Tanga kuuza.

Nyumba yetu ina vyumba sita na ukumbi katikati. Vitatu vyetu, kimoja cha watoto wa mke mkubwa, na viwili vya mbele vimejaa madebe ya asali na vipande vya nta vilivyopangwa mpaka darini. Nyuki wa mji mzima wanaijua anwani yetu. Wanaingia dirishani asubuhi na kutoka magharibi kama makarani, na mwanangu alijua neno "nyuki" kabla hajajua neno "maji".

Watu wakisikia kwamba nimesoma mpaka darasa la kumi huniuliza kwa nini nilikubali kuwa mke wa tatu. Huniuliza kwa upole, kama mtu anayemuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Nilimtaka. Ndilo jibu. Alikuja Tabora kununua nta kwa baba yangu, akakaa barazani kwetu akinusa kipande kimoja kimoja. Alikipata kimoja kilichochanganywa na mafuta ya ng'ombe. Akakiweka kando taratibu, bila kusema neno, baba asiaibike mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la chai. Nikasema moyoni, huyu. Baadaye nikaambiwa ana wawili Dar es Salaam. Nikasema wawili si jeshi.

Nilikosea. Mmoja wao ni jeshi.

Mke mkubwa si tatizo. Ni mtu mzima, ana watoto wakubwa, ana mgongo unaomsumbua, na mimi humwita dada kwa moyo mweupe. Jeshi ni mke wa kati. Hana mtoto; nalisema hapa mwanzoni ili nisionekane nimelificha. Lakini ana kicheko. Mume wetu akiwa chumbani kwake unasikia kicheko kinapita ukumbini, kinapita jikoni, kinakukuta unakuna nazi. Mimi nikiwa na mume wangu tunazungumza mambo ya maana: mtoto amekohoa, paa linavuja. Yeye anacheka naye. Wanacheka nini? Nimeolewa miaka minne na sijajua wanacheka nini.

Kura yenyewe zamani ilikuwa hivi. Kila mke alitoa kitu chake. Mke mkubwa alitoa kifungo cha koti, mke wa kati ushanga mkubwa wa kaharabu, mimi pini ya nywele. Mume wetu anaingiza mkono kofiani, macho amefumba, midomo inasoma dua, anatoa kimoja. Safari ikiisha, kitu kinarudi kofiani kungoja safari nyingine. Na mwaka wangu wa kwanza wa kuwa na mtoto, mara zote tatu ulitoka ushanga. Lindi, ushanga. Tabora, ushanga. Tanga, ushanga. Kila mara mke wa kati alipiga kigelegele mpaka wauza kahawa wa barabarani wakadhani kuna harusi.

Ya Tabora ndiyo iliyoniua. Mume wetu akiwa Tabora hafikii hotelini. Anafikia kwetu, kwa mama yangu. Baba alikuwa amekwisha kufariki, mama amebaki na shangazi yangu. Kwa hiyo mke mwenzangu alilala kitandani kwangu. Alikula mlenda wa karanga wa mama yangu. Alirudi akaketi uani, akavua viatu, akaanza kunisimulia mimi habari za kwetu.

"Mama yako ana mkono, wallahi," aliniambia. "Mlenda ule ningeoga nao."

"Namjua mama yangu."

"Lakini macho yake, mdogo wangu." Hapo akaacha kucheka. "Alinimiminia chai nje ya kikombe, akaendelea kumimina. Yote mawili yameshikwa na utando. Anasema mchana anaona, tena mtu akisogea karibu sana. Kanambia, huyo mjukuu wangu nitamwona kweli?"

Kuanzia siku ile nilitaka jambo moja tu duniani: mama amwone mwanangu kabla utando haujafunga. Mama hakuweza kupanda gari moshi na macho yale. Mimi kwenda peke yangu mume alikataa katakata. Mke wake hawezi kulala ndani ya behewa na wanaume asiowajua. Nikamwambia basi anipeleke yeye, nje ya kura.

"Nikikupeleka nje ya kura," alisema, "kura itakuwa ya nini tena?"

"Ni mama yangu."

"Na hawa ni wake zangu. Muombe Mungu utoke."

"Mkono unaoingia kofiani ni wako. Si wa Mungu."

Alisema astaghfirullah, akavaa makubazi, akaenda sokoni. Akiudhika mume wangu hapigi wala hatukani. Anaondoka. Unabaki na hasira zako mikononi kama samaki aliyekuja bila kikapu.

Nikakaa nikafikiri. Shuleni tulifundishwa hesabu za uwezekano na mwalimu wa Kizungu aliyevaa soksi nene kwenye joto lile. Mfuko una mipira myeupe mingapi na myeusi mingapi, unatoa mmoja, huurudishi, unatoa wa pili. Mipira hatukuiona kamwe, wala mfuko. Aliuchora ubaoni. Mimi niliijua ile hesabu kuliko wote darasani na sikujua itanifaa wapi. Sasa nikachukua mkaa nikaandika sakafuni jikoni. Mtu mmoja kati ya watatu kutoka mara moja ni theluthi. Kutoka tena, theluthi ya theluthi. Mara ya tatu mfululizo, theluthi ya hiyo.

Mke mkubwa alikuwa pembeni anachagua mchele. Nikamwambia, "Dada, unajua ilivyo shida mwenzetu wa kati kutoka mara zote tatu?"

"Si ametoka?"

"Ni mara moja katika ishirini na saba."

"Basi ndiyo hiyo mara moja."

"Au mkono wa mume wetu unaujua ushanga. Kifungo ni bapa, pini ni nyembamba, ushanga ni wa mviringo. Hata mimi ningeupata kizani."

Mke mkubwa akaacha mchele. Akanitazama. "Hapo," akasema, "umesema kitu."

Nikapata mtu wa upande wangu. Ijumaa baada ya sala tulimweka mume wetu kikao uani, sote watatu, naye kakaa kwenye kigoda kidogo mno, magoti yamemfika kidevuni. Nikatoa masharti mawili. La kwanza, vitu vya kura vifanane. Nilileta kete tatu za bao, zile komwe za kijivu zilizosuguliwa na vidole vya watu mpaka hazina tofauti hata moja. Nikazitia nukta za wino: nukta moja ya mke mkubwa, mbili za mke wa kati, tatu zangu. Wino haupapasiki.

Hilo mume alilikubali upesi mno. Macho yangu yalikuwa kwake. Yakahamia kwa mke wa kati, nikamkuta anatazama nyuki.

La pili ndilo lililokuwa na elimu. Nilitaka kete ikitoka isirudi kofiani mpaka zote ziwe zimetoka. Nikazipanga kete chini nikawafundisha kama darasa.

"Kwa mtindo wa zamani," nikasema, "mtu anaweza kukaa mwaka mzima bila kutoka. Kukosa safari moja ni theluthi mbili. Kukosa zote tatu ni mara nane katika ishirini na saba. Karibu theluthi nzima! Kwa mtindo wangu hilo halipo. Kete ya kwanza ikitoka inakaa nje. Zikibaki mbili, kila mmoja ana nusu. Ikibaki moja, mwenyewe anajijua."

"Kwa hiyo ya mwisho," mke wa kati akauliza, "hata mkono usiingie kofiani?"

"Usiingie."

"Sasa raha ya kura iko wapi?"

"Raha yako wewe. Sisi hatujaiona."

Mume wetu alifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa anacheka, na nilifurahi, Mungu anajua nilivyofurahi, kwamba safari hii kicheko nimekileta mimi. Akasema, "Ni haki. Kila mmoja atasafiri mara moja. Nani ana neno?"

"Mimi," akasema mke wa kati. "Asijitokeze mtu kesho akasema kete irudishwe." Alinitazama mimi.

"Kete ikitoka hairudi," nikasema, tena kwa sauti, tena nimenyoosha kidole juu. Kidole kile ningetamani ningekikalia.

Ilipofika safari ya Lindi, mume wetu alitoa kofia, akatikisa, akafumba macho, akasoma dua yake. Mkono ukaingia. Kete ikatoka. Nukta tatu.

Mke mkubwa alisema hongera mwanangu. Mke wa kati aliinama akahesabu zile nukta, akahesabu tena, kisha akainua shingo akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote alivyojipigia mwenyewe.

"Bi Hesabu!" alisema. "Umeomba umepata! Lindi kuzuri, utakula korosho mpaka ufunge choo!"

Nilielewa kabla kigelegele hakijaisha. Nilikuwa nimetoka. Na kete ikitoka hairudi.

Meli ya Lindi ilinitapisha njia nzima, na katikati ya kutapika nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya jikoni. Tabora ni safari ya pili. Kwa mtindo wa zamani, nafasi yangu ya kwenda Tabora ilikuwa theluthi. Kwa mtindo wangu, lazima kwanza niikose Lindi, theluthi mbili, kisha nitoke zikiwa mbili, nusu. Nusu ya theluthi mbili ni ngapi? Theluthi. Ileile! Sikujiongezea hata chembe. Nilisimama mbele ya watu nikatoa somo zima juu ya swali ambalo si langu. Nilikuwa nimejiuliza, je, nitasafiri? Nani alitaka kusafiri? Mimi nilitaka Tabora. Na kibaya zaidi, kwa mtindo wa zamani pini yangu ingerudi kofiani baada ya Lindi nami ningekuwa bado na theluthi yangu. Sasa nilikuwa na sifuri, niliyoipigania mwenyewe.

Mume wangu alimbeba mtoto muda wote. Alinipangusa uso kwa leso yake, akanipatia limau la kunusa. Lindi alinipeleka kutazama maji jioni, mtoto mabegani kwake, akawa ananieleza namna ya kutambua ufuta uliotiwa mchanga. Alikuwa mzuri. Nami kila alipokuwa mzuri nilijiuliza: na yeye alimfanyia hivi? Limau hili ndilo lile? Mwanamke mwingine angefurahi na safari yake. Mimi nilikaa pwani ya Lindi nikihesabu safari tatu za mwenzangu.

Tuliporudi nilijaribu. Niliwakuta wote wawili uani, nikasema kwa heshima kabisa kwamba nimegundua kasoro ndogo katika utaratibu, na labda ingefaa kwa mwaka huu tu kete zote zirudishwe.

Mke wa kati alisimama. Alinyoosha kidole juu, akabana sauti ikawa sauti yangu ya shule. "Kete ikitoka hairudi!"

Mke mkubwa alicheka mpaka akakaa chini na mgongo wake. Hata yeye.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja bado. Mke anaruhusiwa kumpa mwenzake zamu yake kwa hiari. Nikamfuata mke mkubwa chumbani, peke yetu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na shida, naiona hapo puani kwako."

"Kete yako ikitoka, utaenda Tabora?"

"Mimi? Gari moshi? Na mgongo huu? Mara ya mwisho makaa yaliniingia jichoni nikafika Morogoro ninalia kama bibi harusi."

"Basi nipe zamu yako."

Hakuitaka safari ile, lakini kitu chako ni chako, na kukitoa bure kunauma hata kama hukitumii. Nilimwelewa. "Nitakupa," akasema mwishowe. "Ila utanifulia mashuka mpaka mwezi wa mfungo. Kuanzia leo."

"Na kete yako isipotoka?"

"Hiyo si shida yangu. Wewe ndiye msomi."

Kwa hiyo nikafua. Nilifua mashuka ya mke mkubwa kwa ajili ya nusu. Zimebaki kete mbili kofiani, hakuna yangu, na maisha yangu yote yako katika moja yao. Ikitoka nukta moja, naenda kwa mama na mwanangu. Zikitoka nukta mbili, basi. Mke wa kati aliyaona mashuka kwenye kamba.

"Mbona mashuka ya dada siku hizi yananukia sabuni yako?" aliuliza.

"Nampenda."

"Eh. Na mimi ukinipenda utanifulia nini?"

Huyo ningemwomba zamu? Ningemeza mkaa wa moto kwanza.

Siku ya kura ya Tabora nilimfunga mwanangu mgongoni nikasimama karibu na mlango wa chumba cha nta. Mikono yangu ilinuka sabuni. Mume wetu alitikisa kofia, na kete mbili zikagongana. Tatu zilikuwa na mlio wa njugu, hizi mbili zilikuwa na mlio wa meno. Akafumba macho. Nilikuwa sisali. Nilikuwa nasema nusu, nusu, nusu, kana kwamba nusu ni jina la mtu anayeweza kuitika. Mkono ukatoka, ukafunguka.

Nukta mbili.

Nikangoja kigelegele. Hakikuja. Mke wa kati aliitazama ile kete, akaniangalia mimi, akaangalia kichwa cha mtoto mgongoni kwangu, akaingia chumbani kwake bila neno. Hilo likaniudhi kuliko kelele zake zote. Kigelegele ningekichukia vizuri. Ule ukimya niufanye nini?

Jioni nilikuwa jikoni, nimewapa watu mgongo. Akaja akasimama mlangoni.

"Nipe mtoto," akasema.

"Nini?"

"Nipe mtoto nimpeleke kwa bibi yake. Ameshaacha kunyonya. Mimi amenizoea."

"Ndiyo maana sitaki."

"Haya."

Hakuondoka. Nikageuka na mwiko mkononi. "Kama una huruma kiasi hicho kwa nini usiniachie zamu niende mwenyewe?"

Alicheka, lakini kile kicheko chake cha ukumbini sicho. Hiki hakikuwa na sauti. "Wewe una mtoto," akasema. "Dada ana watoto. Mimi nina gari moshi. Niachieni hilo moja."

Nilikuwa na matusi, lakini hayakuwa jibu.

"Nikuulize wewe mwenye hesabu," akaendelea. "Unataka mama yako amwone mtoto, au unataka mama yako amwone mtoto na wewe ukiwa umesimama pale? Maana hayo ni mambo mawili. Na jiko lipunguze moto, wali unaungua."

Akaenda zake. Wali ulikuwa unaungua kweli. Nilikaa chini sakafuni pale nilipowahi kuandika kwa mkaa, nikamchukia kwa sababu alikuwa ameuliza swali lililo sawa, na mimi niliyesoma sikuwa nimeliuliza. Niliyataka yote mawili. Nilitaka mama amwone mtoto, na nilitaka kuwa mimi niliyemleta, mimi niliyesema mama, mjukuu wako huyu. Lakini macho ya mama hayakuwa yakinisubiri mimi nitoke kofiani mwakani.

Nilimpa. Sikumpa kwa upole, msidhani. Nilimpa pamoja na maagizo mengi kama ya kukabidhi gari: anakula uji mzito si mwepesi, akilia usiku mpapase mgongo upande wa kulia, asipewe asali, asivikwe kofia ya sufu, asifundishwe kukuita mama.

"Ataniitaje?"

"Asikuite."

"Sawa, Bi Hesabu. Nitakuwa kiti."

Niliwasindikiza stesheni. Mume wetu alikuwa mbele na mizigo, madebe matupu yanagongana. Mke wa kati alimbeba mwanangu kiunoni, akamfunga kwa kanga yangu niliyompa makusudi ili mtoto asikie harufu yangu. Watu waliompita walimwambia una binti mzuri, naye aliitikia ahsante, kwa sauti ndogo, huku akitazama kama nimesikia. Nilisikia. Gari moshi likapiga king'ora. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa nimeazimia kwamba mtoto akilia tu ninamnyakua, na gari liende. Mwanangu hakulia. Alikuwa anashangaa moshi. Laiti angelia.

Niliporudi nyumbani mke mkubwa alinikuta naanika nguo zangu tu.

"Na mashuka yangu?"

"Kete yako haikutoka."

"Tulisema mpaka mwezi wa mfungo."

"Dada, nitakufulia. Leo usinisemeshe."

Hakunisemesha. Siku zile za kungoja alipika yeye, na mimi nilikaa kwenye chumba cha nta kwa sababu kinanukia Tabora. Nilijaribu kuona wamefika wapi. Kila nilipojaribu kumwona mama na mtoto, katikati yao alikuwepo yule mwanamke na kanga yangu.

Walirudi asubuhi. Mtoto alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi, mate yamelowesha blauzi yake. Nywele za mwanangu zilikuwa zimesukwa, mistari midogo iliyonyooka, na nikajua hapohapo ni mikono ya mama, kwa sababu mama husuka kwa vidole, macho hayamsaidii chochote. Nikamchukua mtoto. Aliamka, akanitazama, akageuza shingo kumtafuta mwenzangu. Kisha akanilalia. Nililiona hilo la kugeuza shingo. Sitalisahau.

Mume wetu aliingia na madebe akatuacha uani. Mke wa kati alikaa kwenye kigoda, uso mzima vumbi, macho mekundu.

"Amemwona?" nikauliza.

"Amemwona."

"Vipi? Sema!"

"Tulifika mchana. Mama yako akanambia nisimshushe mtoto kwanza. Akatoka nje, akasimama juani, akaniambia nimlete pale. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamgeuza uso uelekee jua. Kisha akasogea. Akasogea mpaka pua zikagusana. Akamtazama kwa jicho moja, akahamia la pili. Muda mrefu. Mtoto katulia tu, kamshika sikio. Halafu mama yako akasema, masikio ya babu yake. Akauliza, mama yake siku hizi mnene au mwembamba? Nikamwambia mwembamba, na mkali. Akacheka. Akasema basi ndiye huyohuyo."

Akaanza kufungua viatu.

Mimi nilikuwa nimemshika mtoto, na nililiona lile jua mlangoni kwetu Tabora. Nililijua jiwe ambalo mama angesimama juu yake. Na nilijua kwamba hiyo huenda ilikuwa mara ya mwisho ya macho ya mama yangu kuona, yalifunguka kiasi hicho mara moja, na aliyesimama pale akayaona si mimi. Alikuwa huyu. Vicheko amevichukua, safari amezichukua, na sasa hata hili liko kichwani kwake. Nikilitaka lazima nilipitishe mdomoni mwake.

"Alianza na jicho lipi?" nikauliza.

"Nini?"

"Kumtazama. Alianza na jicho lipi?"

Alifikiri. "La kushoto."

"Na mkono wa pili wa mtoto ulikuwa wapi, wakati kamshika sikio?"

"Mwenzangu, nimechoka. Nina vumbi la njia nzima. Niache nioge, nitakwambia kesho."

"Kaa."

Nilimletea maji ya kunywa. Nilimletea chai, nikaimimina mwenyewe, nikamwekea na mkate. Nikakaa mbele yake na mtoto mapajani, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Anza stesheni," nikamwambia. "Mlishuka upande gani?"

Alinitazama akaona sitatoka pale. Akashika kikombe, akaanza upya. Nilimchukia kwa kila neno alilotamka, na kila alipotaka kuruka kitu nilimrudisha.